Mlio wa Gesi Koridoni

Jumanne, 3 Septemba

Shule zimefunguliwa leo. Daktari ameniambia presha yangu imepanda na kwamba mimi ni mtu wa kumeza maneno, akanishauri niyaandike. Howard amecheka mpaka akakohoa. Anasema tangu tuoane hajaniona nikimeza hata neno moja. Haya, naandika.

Talya ameingia darasa la tisa. Sketi ya mwaka jana imempanda juu ya magoti na hataki nyingine. Freya amempitia asubuhi kama kawaida, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja wakisukumana. Wanaenda shule pamoja tangu wakiwa na miaka minne. Alison, mama yake Freya, akabaki kunywa chai kwangu kabla sijaenda kufungua duka la miwani. Kama nina dada hapa Leeds, basi ni Alison.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Wateja watatu, na mmoja alikuja kujikinga mvua tu.

Jumanne, 24 Septemba

Talya hakai tena jikoni. Nikianza kupika anapanda chumbani kwake na kufunga mlango. Howard anasema ni umri. Huenda. Mimi mwenyewe nilimkimbia mama yangu mwaka mzima. Mvua bado.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mwaka Mpya wetu Wayahudi. Tumekula tufaha kwa asali, tumetakiana mwaka mtamu. Howard hakusikia hata nusu ya ibada, maana zamu ya ulinzi ilimwangukia yeye: amesimama nje ya sinagogi akilowa, koti la kung'aa mwilini, redio mkononi, mhasibu wa miaka hamsini mwenye goti bovu. Tumezoea kusali huku tukilindwa.

Talya hakuvaa mkufu wenye nyota aliopewa na bibi yake. Kaniambia kishikizo kimekatika. Nikasema nitaupeleka kwa sonara, akasema hakuna haraka.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimejua.

Nilikuwa nawasha jiko nikaange samaki. Moto ulikataa kushika mara moja, gesi ikatoa ule mlio wake, na Talya, aliyekuja kuchukua sahani, akaziachia zikavunjika.

"Zima, Mama. Zima."

Nikazima. Akakaa sakafuni katikati ya vigae. Mtoto huyu hajalia mbele yangu kwa miaka, lakini leo alilia hadi akaishiwa pumzi. Habari ikatoka kidogo kidogo. Tangu wiki ya kwanza, akipita koridoni, wavulana wa darasa lake wanamfanyia "sss". Hawapazi sauti. Hata midomo haichezi, mwalimu akigeuka haoni kitu. Alianza mmoja, Harvey Stott, wakawa watano, na sasa hajui ni wangapi kwa sababu mlio unatokea nyuma yake. Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Nikamuuliza kama wanamwita nyoka. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Ni gesi, Mama. Ile ya kambini."

Bibi yake Howard alikuwa na dada wanne. Vyumba vya gesi, walimouawa Wayahudi wakati wa vita kuu, vilimaliza wote wanne, akabaki yeye. Howard alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wa kazi bado begani, na alisikia yote. Alichukua ufagio akafagia vigae, kisha akafagia tena mahali palipokwisha kuwa safi. Nilitaka afoke. Ningempenda sana leo kama angefoka.

Nilimuuliza Talya, Freya anasemaje juu ya hayo. Akasema Freya siku hizi anakaa na wengine.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mwalimu mkuu, Bi Pritchard, ni mwanamke mpole mwenye sauti ya muuguzi. Alinipa chai na biskuti. Akasema amesikitika, akasema shule yake haivumilii mambo hayo, akasema kwa bahati mbaya hakuna mwalimu aliyesikia. Shule itazungumza na wavulana. Kwa sasa, Talya atapewa kadi ya kumruhusu kutoka darasani mapema kidogo kabla ya kengele, ili apite koridoni pakiwa peupe, na chakula cha mchana anaweza kula maktaba. Akaniuliza pia kama huwa anavaa kitu chochote cha dini kinachoonekana. Nikamwambia mkufu alishauvua mwenyewe.

"Vizuri," akasema. Kisha akauona uso wangu, akaongeza kwamba hakukusudia vizuri ya namna hiyo.

Yaani anayeonewa ndiye atolewe njiani, wanaomwonea wapite kwa nafasi! Nilimwambia hivyo hivyo. Akajibu kwamba anaielewa hasira yangu. Sikwenda pale anielewe. Nilikwenda ili naye akasirike.

Howard anaona kadi ni msaada. "Tuichukue kwa sasa, Nicola," amesema. "Tusiwe wale watu." Nikamuuliza watu gani. Lakini namjua, na najua alivyolelewa: usipaze sauti barabarani, lipa kodi mapema, ukikanyagwa omba radhi wewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya Upatanisho. Nimefunga tangu jana jioni. Nimeomba msamaha kwa yote isipokuwa hasira. Hiyo bado nina kazi nayo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sikukuu ya Vibanda. Tumekula kibandani, uani, mvua ikidondokea kwenye supu. Kila mwaka Alison na Freya huja na keki ya tangawizi, na Alison hulalamika baridi tangu anapoingia mpaka anapotoka. Mwaka huu ameandika kwamba nyumba nzima ina mafua. Nikawapelekea supu. Nilimkuta bustanini akikusanya majani, mzima kama chuma. Akaipokea sufuria, akanishukuru sana, akasimama katikati ya mlango mpaka nikaondoka.

Njiani nilimtetea moyoni. Nilisema labda amechoka.

Jumatatu, 4 Novemba

Likizo fupi imekwisha. Talya ameamka anaumwa tumbo.

Jumanne, 5 Novemba

Tumbo. Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumbo. Howard amempeleka kwa daktari. Tumbo halina kitu.

Jumatano, 13 Novemba

Haya ni maandishi ya mtu aliyekwisha kunywa chai tatu.

Shule walinipigia nikiwa na mzee mmoja kitini, nampima jicho la kushoto. Wakasema Talya hayupo. Kwenye simu hiyo hiyo nilimbana mwalimu wake wa historia kwa maswali mpaka akanieleza yote, kijana wa watu. Alikuwa akiwaonyesha filamu ya makambi. Taa zilizimwa. Katikati ya filamu, pale picha zilipokuwa kimya, mlio ukaanza: sss. Ukatoka upande huu, ukajibiwa upande ule, mpaka chumba kizima kikawa kama mtungi unaovuja. Yeye alidhani ni bomba la kipasha joto. Alisema hivyo mara mbili, "Nilidhani ni bomba, Bi Margolis." Talya akainuka, akachukua begi lake, akatoka darasani na kutoka shuleni, bila koti, mvua ikinyesha.

Yule mzee alivua fremu za kupimia mwenyewe akaniambia niende. Nilikwenda bustani ya Roundhay, nikazunguka ziwa lote. Nilikwenda maktaba. Nilikwenda kwa mama yangu, nikajifanya nimepita kumsalimu tu, nikaangalia vyumba vyote kwa kisingizio cha kutafuta miwani yake. Nilikuwa naogopa maji. Kila nilipoona maji nilitazama.

Howard ndiye aliyempata, kwenye bwawa la kuogelea la mjini, juu kwenye viti vya watazamaji, kati ya kelele za watoto wa shule ya msingi wanaojifunza kuogelea. Mimi nilimtafuta mahali penye utulivu. Howard alijiuliza ni wapi katika mji huu mtu hawezi kusikia mlio wowote mdogo, akaenda moja kwa moja. Sijui kama mimi ningewahi kufikiri hivyo.

Nyumbani tulimfunika blanketi. Nikamuuliza kama ni Harvey aliyeanza.

"Harvey hakuja leo."

"Basi nani?"

Alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Alikuwa amekaa nyuma yangu. Kulikuwa na giza, lakini namjua anavyovuta pumzi, Mama. Nimelala naye chumba kimoja tangu tuko wadogo."

Freya. Freya ambaye mswaki wake uko bafuni kwangu.

Akaniomba nisimwambie mtu. Akanishika mkono akaniomba tena. Nikamwahidi.

Ijumaa, 15 Novemba

Ahadi imenishinda. Leo asubuhi, badala ya kufungua duka, nimekwenda kwa Alison, na safari hii nikaingia ndani kabla hajasimama mlangoni.

Alikataa kwanza. Freya anampenda Talya, Freya hana ubaya, gizani mtu atamtambuaje mtu. Nilimwacha amalize. Alipomaliza, alikaa kitako, akaanza kwa sauti nyingine, sauti ya mtu mwenye busara.

"Watoto wanaona mengi kwenye simu, Nicola. Kuna vita. Wanaona watoto wenzao wanakufa, wanachanganyikiwa, hawajui hasira waielekeze wapi."

"Wakaielekeza kwa Talya."

"Sisemi ni sawa." Akazungusha kikombe. "Lakini na wewe, kusema kweli, hujawahi kuniambia unayaonaje. Ya kule."

Tumekunywa chai miaka yote hiyo. Nilimshika mkono alipofiwa na baba yake. Nilikaa na Freya akiwa na tetekuwanga ili Alison asipoteze kazi. Hakuna siku niliyomuuliza ana maoni gani kuhusu jambo lolote la dunia kabla sijaamua kama mtoto wake anastahili kuuguzwa.

"Nikijibu vizuri," nikamwambia, "kitendo cha Freya kitakuwa kibaya. Nikijibu vibaya, Talya atakuwa amejitakia. Ndivyo mtihani wako ulivyo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema ulichosema."

Akalia. Sasa ilikuwa zamu yangu kumbembeleza, kama ilivyo desturi yetu, na mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe. Niliiweka mifukoni.

Naandika hapa kwa sababu kwake sikusema: nina maoni kuhusu vita ile ya nchi ya Wayahudi, na angeyasikia yangemshangaza. Picha zile zile zinazomliza yeye nami zinaniliza. Lakini sitayaweka mezani kwake kama nauli ya kuonewa huruma. Mwanangu amezaliwa hapa Leeds, na kitu pekee alichowahi kuteka ni maji ya kuoga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisema methali hiyo bila kuwa na nguo yoyote akilini.

Talya amejua kwamba nimekwenda. Hanisemeshi.

Jumanne, 19 Novemba

Tumeitwa shuleni, mimi na Howard. Bi Pritchard alisema kwamba shule imezungumza na wanafunzi wote, kwamba Harvey na wenzake wamehudhuria semina ya heshima, kwamba kuhusu Freya hakuna ushahidi. Kisha akaegemea mbele na kusema, kwa ile sauti ya muuguzi, kwamba wameifikiria furaha ya Talya. Kuna ile shule yetu ya Kiyahudi, si mbali. Nafasi zipo. Yeye mwenyewe yuko tayari kupiga simu. "Pengine angestawi zaidi akiwa miongoni mwa watu wake."

Nilikuwa nimefungua kinywa. Howard aliweka mkono juu ya goti langu, nami nikaona hasira yangu inahamia kwake. Nikajua sasa ataomba radhi. Sasa atasema asante.

"Watu wake ni akina nani, Bi Pritchard?" akauliza.

Akasema bila shaka tunamwelewa.

"Sikuelewi. Mimi nimesoma shule hii. Ukitoka hapo nje, kwenye ule ubao wa ukumbini, timu ya kriketi, jina la tatu ni langu. Baba yangu alishona mapazia ya jukwaa lenu bila malipo. Nilidhani watu wangu ni ninyi."

Bi Pritchard alitazama meza. Wiki zote hizi nimemkasirikia mume wangu kwamba hana hasira. Kumbe alikuwa na kitu kizito kuliko hasira, na alikuwa amekibeba peke yake kwa sababu mimi nilijaza nyumba kelele zangu. Garini nilimshika mkono.

Alhamisi, 21 Novemba

Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, mama mmoja ameandika kwamba tusiwaharibie watoto maisha yao kwa sababu ya utani wa kijinga. Vidole gumba vikamwagika chini yake. Na cha Alison kimo.

Jumapili, 24 Novemba

Nilikuwa na mpango. Nitakwenda kwenye gazeti, nitakwenda kwa mbunge, na Talya atabaki shule ile ile mpaka waone haya mmoja mmoja. Nilikuwa namweleza akiwa anakula mkate na siagi, na nadhani nilikuwa nimesimama.

"Nataka kuhama," akasema.

Nikamwambia akihama watakuwa wameshinda.

"Mama, wewe unapigana ukiwa dukani. Mimi ndiye niko koridoni."

Hakumaliza.

"Na ukipiga kelele, inabidi mimi nikutulize. Nilikuomba jambo moja tu, ukaniahidi, ukaenda kwa Alison. Sasa Freya anajua kwamba najua, na wote wanajua. Hukunisaidia. Ulijisaidia."

Mtoto wa miaka kumi na tatu. Nilitaka kujitetea, na nilikuwa na maneno tele. Niliyameza. Howard alikuwepo, atanitolea ushahidi.

Atahama Januari. Nimempigia simu mkuu wa shule ile nyingine mwenyewe. Sikumpa Bi Pritchard nafasi ya kupiga yake.

Jumatano, 27 Novemba

Barafu asubuhi. Talya amekula jikoni.

Jumanne, 10 Desemba

Alison amekuja dukani. Aliandikisha miadi kwa jina lake kamili, kama mgeni, kwa hiyo nilimpima kama mgeni. Ukimpima mtu macho unakaa karibu naye sana, pumzi kwa pumzi, na hakuna pa kutazama isipokuwa ndani yake. Nilimwambia asome herufi. Alisoma mistari mitatu kisha akashindwa, na si kwa sababu ya macho.

Akasema Freya halali. Hali chakula vizuri, anaamka analia, amekonda. Amekiri kwake kila kitu, hata ile siku ya filamu. Alifanya kwa sababu wote walikuwa wakimtazama yeye, rafiki wa Talya, waone atakuwa upande gani. Alison aliyasema haya akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kwa kitambo nilimhurumia, kwa sababu najua kusikiliza mlangoni kwa mtoto anayelia.

Kisha akasema, "Nilikuwa nafikiri, kama Talya angempigia simu tu. Amwambie yamekwisha. Apate usingizi."

Niliwasha taa ya chumba.

"Alison," nikamwambia, "Freya halali kwa sababu ana dhamiri. Ndicho kitu kizuri pekee nilichosikia tangu Septemba, na wewe unakitafutia dawa. Kama anataka kulala, aende akaseme alichofanya mahali alipokifanya. Talya si kidonge chake."

Akaniuliza kama urafiki wetu umekwisha hivyo. Nikamwambia lenzi zake zitakuwa tayari wiki ijayo na msaidizi wangu atampa.

Nilifunga mlango nikakaa kwenye kile kiti cha wateja. Najua nitamkosa. Hilo nalo linanikasirisha.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Bi Pritchard amenipigia simu akiwa na furaha. Freya amekwenda ofisini kwake peke yake, bila mama yake, akajitaja, akamtaja Harvey na wengine wote. Wamesimamishwa masomo kwa siku mbili. "Kwa hiyo unaona, Bi Margolis, mwishowe mambo hunyooka." Akasema pia kwamba kama Talya angependa kubaki, mlango uko wazi.

Nilimweleza Talya nilivyoelezwa, bila kuongeza kitu, na hiyo kwangu ni kazi ngumu. Aliwaza kidogo.

"Alimtaja Harvey kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sasa watamfanyia yeye," akasema. Hakusema kwa furaha. Alichukua simu yake, akaitazama muda mrefu, akairudisha mfukoni. Sikumuuliza. Habaki, amesema. Baada ya hapo alitaka kujua kama sare mpya ina sketi au suruali.

Jumatatu, 6 Januari

Siku ya kwanza shule mpya. Ukuta mrefu, kamera, nguzo za chuma za kuzuia magari, walinzi wawili. Howard ameshaandikishwa zamu za ulinzi za Jumatano. Mlinzi alimpekua Talya begi, akamtania kuhusu ukubwa wa sandwichi yake, na Talya akacheka. Akaingia bila kugeuka nyuma. Geti likafungwa, komeo likapigwa, kisha komeo la pili.

Kwenda dukani nimepita shule ya zamani. Watoto walikuwa wanamiminika ndani wakipiga kelele, na geti lao lilikuwa wazi, wala hapakuwa na mtu amesimama pale. Hawana wanachokiogopa.